Balbu Imewaka Bila Waya

Mama mpenzi,

Nakusalimia toka Mbarara kwa furaha kubwa. Leo mwalimu wangu wa chuo aliweka kitabu kinene kati ya koili zangu mbili, yaani nyaya za shaba nilizozizungusha, akasema, "Haya, tuone." Nikawasha umeme upande huu, balbu ikawaka upande ule, bila waya wa kuziunganisha! Akauliza, "Unataka kufika wapi na hii?" Nikajibu, "Kusukuma chombo cha angani kwa umeme unaotumwa toka chini." Hakunicheka. Alinipa ufunguo wa maabara. Nimekubaliwa katika utafiti wake! Nikaenda kula ndizi za matoke sahani mbili. Mwambie baba polepole, asianguke na baiskeli. Salimia wote hapo nyumbani Juru. Mungu awalinde.

Binti yako, Espérance