Wimbo Nilioimba Nyuma ya Migomba

Mtwara

Baba Luse, mume wangu,

Mugonile. Nakusalimu wewe kwanza, na mgongo wako, sijui unaendeleaje na baridi ya huko. Namsalimu mwanetu Lusekelo, siku kumi hajanipigia, je, anakula? Namsalimu mkewe Tumpe. Namsalimu mjukuu wangu Neema, avalishwe sweta hata kama jua limetoka, mvua ya Rungwe haina adabu. Namsalimu dada yako wa Kinyala na mguu wake. Hata ng'ombe nisalimie. Mimi ni mzima, napika hapa shuleni kama siku zote, joto tu linatuchemsha pamoja na maharage.

Naandika kwa sababu kwenye simu ukisikia neno zito unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao.

Albamu yenu nimeisikia. Aliyeniletea ni Mwanahawa, mwenzangu wa jikoni, kwenye simu yake, tunachambua mchele. Miaka kumi na miwili bendi imenyamaza, magitaa yako darini yanaliwa na panya, na leo mmerudi na roki yenu. Nilifurahi, sikufichi. Nikamwambia, huyo mwenye gitaa linalolia kama bati linaburutwa ndiye mume wangu.

Akaniuliza, "Na huyo dada aliyebanana naye kwenye maiki moja? Mke mwenzio?"

Nikaitazama video. Nikasema, "Ni mke wa mwanangu."

Mwanahawa akacheka, halafu akaona uso wangu, akarudi kwenye mchele wake.

Baba Luse, mimi nilipoolewa hapo Nkunga, baba yako sikumtazama usoni mpaka tunamzika. Jina lake sikulitamka. Akija njiani naingia migombani na ndoo yangu kichwani, nasubiri apite, hata mvua ikinyesha. Ndivyo mkwe alivyokaa kwetu. Sisemi Tumpe naye ajifiche migombani, dunia imebadilika, nami nimeyaona. Lakini kuimba naye wimbo wangu ule, katika nyimbo zote?

Unajua ulikotoka. Wewe ulikuwa Mbeya na magitaa, mama yako kaenda msibani, nikaletewa habari kwamba mama yangu huko Masoko hajiwezi. Nyumbani yupo baba yako peke yake. Kuondoka bila ruhusa siwezi, kumsemesha siwezi. Nikakaa nyuma ya migomba nasugua sufuria kwa majivu, nikaimba: nani atamwambia mwenye mji, mama yangu amelala, nani atamwambia. Niliimba mpaka sufuria ikang'aa. Ndipo nikamsikia baba yako zizini anamwambia ng'ombe, "Wewe, mwenye mama mgonjwa aende sasa hivi. Nyumba hii haina miguu, ataikuta."

Nilikimbia. Mama nilimkuta bado anapumua, akanishika kidole hiki ninachoandikia, ndipo akaenda.

Huo ndio wimbo. Uliporudi nikakuimbia, ukalia, ukautia gitaa. Tukauimba pamoja mpaka bendi ikavunjika na mimi nikaja huku kupika ili Luse asome. Leo mmeandika umetungwa na wewe. Mama yangu amegeuka bebi. Bebi amelala, na vijana wanarukaruka.

Nilipokupigia ukasema, "Mama Luse, albamu ya kurudi inataka sauti changa. Yako imeingia moshi." Ni kweli, imeingia moshi. Wa kuni za hapa. Unajua moshi huo umemsomesha nani.

Tumpe usimgombeze, sina ugomvi naye, labda hata hakuambiwa. Ameimba vizuri. Ameimba kunishinda mimi, na hilo ndilo lililonifanya siku ile nisile.

Ninachotaka ni kimoja. Siku ya kuizindua hapo Tukuyu, wimbo ule usipigwe, na kwenye albamu muutoe. Nyingine zote pigeni mpaka Masoko wasikie. Ukipigwa, likizo hii sirudi, na ya mbele sijui. Siwezi kuingia ua ule nikapita nyuma ya migomba ile nikijua mmemfanya nini mama yangu.

Nisalimie mpiga dramu wenu, aliyekuwa anakula kwangu kila Jumapili na kusema hajashiba. Nisalimie mchungaji, na jirani yetu anayenimwagilia miche ya kahawa, mwambie sijamsahau.

Nijibu haraka, kabla ya siku hiyo. Baba yako hakunisemesha hata mara moja maishani mwake, na alinisikia. Wewe tumelala kitanda kimoja tangu usichana wangu. Kama unaona haya kuniambia mimi, kamwambie ng'ombe. Luse yupo karibu, atasikia, atanipigia.

Ni mimi mkeo,
Mama Luse