Mama Amekwenda Kukaa

Jumatatu, 27 Juni 1977
Darasa la watu wazima, saa kumi. Herufi M. Mkono unaandika ubaoni, akili iko Mwanza. Marwa, kaka yangu pekee, yuko gerezani huko, amehukumiwa kunyongwa. Walioiba ng'ombe na kuua walikimbia, yeye akakamatwa. Rufani yake iko Nairobi, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Majaji wake husikiliza kesi za nchi tatu. Wakishasema, hakuna wa kupinga. Barua zangu hazijibiwi. Mpaka wa Sirari, njia yetu ya Kenya, umefungwa.

Ijumaa, 1 Julai
Redio ya katibu wa kijiji: Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika. Na mahakama yake? nikauliza. Katibu akacheka. "Mwalimu, nyumba ikianguka, chungu kitabaki mafigani?" Namchukia.

Jumapili, 3 Julai
Kosa ni langu. Nilimweleza Mama kwamba mahakama ile ni kama ritongo, baraza letu la ukoo, ila kubwa. Nilitaka aelewe haraka. Ameelewa. Kwenye ritongo, mwenye kesi asipokuja kukaa barazani, yeye au mtu wake, ameshindwa. Asubuhi kitanda kitupu. Jirani anasema Mama amepitia mashamba ya mahindi, kwa dada yake ng'ambo ya mpaka, kisha Nairobi. "Kasema anakwenda kukaa."

Jumatano, 6 Julai
Sili. Nimefagia uwanja mara tatu. Mahakama ikifa, hukumu ya Mwanza ndiyo ya mwisho? Watamnyonga? Nimesoma hadi kidato cha sita, na sijui.

Jumanne, 12 Julai
Mama amerudi. Miguu imevimba. Nikamwamkia, nikalia kwa hasira.
Alikaa siku mbili kwenye ngazi za mahakama. Ndani, karani alikuwa anafunga majalada kwa kamba. Majaji wametawanyika, kila mmoja kwao. Jalada la Marwa litarudi Tanzania lingoje mahakama nyingine.
"Nikamuuliza, mwanangu ameshindwa? Akasema, bado, mama. Hakuna aliyesema."
Nimeyarudia maneno hayo mpaka mdomo umekauka. Rufani isiyosikilizwa haijakataliwa. Kaburi la mahakama ndilo linalomweka Marwa hai. Kwa muda gani?

Alhamisi, 14 Julai
Hakuna habari, upepo tu. Mama amekuja darasani mara ya kwanza, akakaa benchi la mbele. Karani alimwonyesha rundo la majalada, naye hakujua lipi ni la mwanawe. Mahakama nyingine ikija, anataka kulitambua kwa jina la Marwa.
Nimempa chaki. M yake imelala upande. Sijaisahihisha.