Mipira ya maji na mlima wa Bugarama

Jumapili jioni. Mvua ya asubuhi imeosha vumbi lote la Rumonge, ziwa limetulia, na mimi nimekaa barazani nikinuka mafuta ya injini. Moyo wangu umetulia pia.

Leo gari la shangazi limepanda Bugarama.

Niandike vizuri, maana nikisoma mwakani nitadhani nilitia chumvi. Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba, ana gari la michezo la zamani, jekundu, lenye viti viwili tu. Alilinunua kwa faida ya mawese tuliporudi Burundi kutoka ukimbizini Tanzania. Kwenye barabara ya kando ya ziwa linakwenda vizuri. Likianza kupanda mlima, maji yanachemka. Kwa hiyo miaka yote limeishia Magara, hapo hapo kando ya ziwa, kununua samaki na kurudi.

Tatizo ni kwamba rafiki yake Esperansi anaishi Bugarama, juu mlimani. Kambini walikuwa wakipikia sufuria moja, Mwislamu na Mkristo, na shangazi alimwahidi kwamba siku moja atakuja kumchukua kwa gari lake mwenyewe. Esperansi huwa anamtania kuwa hilo ni gari la hadithi. Sasa mwanawe anamhamishia Kigoma. Anaondoka Jumamosi.

Shangazi alikuja gerejini kwangu Alhamisi, hakuketi hata kidogo.

"Mutoto wangu, weye unatengeneza mashini za mitumbwi. Hii gari iko inakushinda?"

Nilikasirika kidogo. Ndiyo maana nilikubali.

Kumbe kosa lilikuwa mbele ya macho. Fundi fulani wa zamani aliupitisha mpira wa maji juu ya injini, ukapinda kama mgongo wa ngamia, halafu ukashuka karibu na bomba la moshi. Hewa inanaswa pale juu, maji hayapiti, na bomba linauchoma mpira kutoka chini. Sikuhitaji pampu mpya wala rejeta mpya ya kupozea maji. Nilihitaji njia nyingine.

Nimeutoa. Nimetafuta mipira ya lori, nikaikata, nikaiunga kwa kipande cha bomba la chuma na kuikaza kwa vibano, nikaipitisha upande wa pili, mbali na moto, ikipanda polepole mpaka kwenye rejeta bila kigongo. Kona moja ilinitesa siku nzima ya jana. Mpira ulikuwa ukijikunja na kujiziba, nikawa nautoa na kuurudisha. Mwishowe nikaegesha gari pua ikiwa juu, nikajaza maji, nikaacha hewa itoke ikibwabwaja.

Leo tumepanda, shangazi kwenye usukani. Mimi sikuona migomba wala watu. Niliona mshale wa joto tu.

"Iko inachemka?" alikuwa akiuliza kila kona.

"Hapana, shangazi. Uko katikati."

Esperansi alitoka akitegemea fimbo. Aliliangalia gari, akamwangalia shangazi, akasema, "Mwaju. Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Nikashuka nimpishe kiti. Wakaondoka wawili, wakipanda zaidi.

Hawakurudi.

Nilisubiri, nikaanza kufikiria kibano kimoja nilichokaza mwisho. Je, kama kimelegea? Je, kama wamekwama, bibi wawili, mmoja na magoti mabovu? Nikaanza kutembea, kisha nikakimbia. Baada ya kona nikaliona gari limesimama kando ya barabara, kimya. Nikalikimbilia.

Hapakuwa na mvuke. Nilifungua boneti, nikagusa mpira: wa moto inavyotakiwa, mkavu, kila kibano mahali pake. Wao walikuwa ndani, vioo vimeshushwa, ziwa lote liko chini yao, wameshikana mikono.

"Kuna nini?" nikauliza nikihema.

"Hakuna kitu," shangazi akasema. "Tunaongea. Weye rudi tu, tutakukuta."

Esperansi alikuwa amelia. Akanishukuru kwa Kirundi, "Murakoze, mwanangu," akageukia ziwa tena.

Nimerudi nyumbani kwa Esperansi kwa miguu, taratibu, nikicheka peke yangu kama mwehu. Sikumbuki lini kazi yangu ilinifurahisha hivi.

Jumamosi Esperansi atashuka hadi bandarini kupanda boti. Nani atakwenda kumchukua, sina haja ya kuuliza.