Kitalu Bila Viriba

3 Januari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mwili mzima, sijui wewe na hicho kifua chako. Zile mashine za kufulia za hospitali zisikumalize.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Ndama wa jirani amekufa. Alivimba tumbo, hali, hanywi. Walipompasua wakakuta donge jeusi limefumana: viriba vyangu, vile vya plastiki ninavyooteshea miche. Wateja wakishapanda wanavitupa popote. Jirani hakunifokea. Aliliweka lile donge kizingitini kwangu, akasema, "Pokea mali yako, mama," akaenda zake.

Tangu hapo sijagusa kiriba. Nakunja vikopo vya magamba ya mgomba, nabana kwa vijiti. Kikifukiwa na mche wake kinaoza chenyewe. Kaka yenu mkubwa amecheka mpaka akakaa chini. Anasema tangu marehemu mume wangu afariki nimekuwa mtu wa vituko. Nikacheka naye. Nitafanyaje, na kiwanja ni cha kwenu?

Ni mimi wifi yako


15 Januari

Wifi,

Barua yako imenikuta nimelala, kifua kilekile, lakini nimeisoma nikaamka. Watoto wa hapa jirani wanakusalimia bila kukujua.

Usirudi nyuma. Marehemu kaka angekuwepo angekaa hapo anakukunjia vikopo huku akikusumbua kwa masihara yake. Huyo mkubwa mwache acheke, meno ni yake.

Wifi yako akupendaye


20 Aprili

Wifi,

Nakusalimu kwa haraka. Afya ipo, moyo ndio umelala chini.

Mchwa wamevila vikopo vyote kutoka chini. Juu miche ilisimama, majani yanang'aa, sikujua kitu. Leo mwalimu mkuu kaleta lori kuchukua miche ya shule. Kila tukinyanyua, gamba linabaki mkononi kama pete, udongo unamwagika, mizizi inakatika maana ilishazama ardhini. Mwalimu mkuu alitazama weee, mwishowe akamwambia dereva awashe gari. Simlaumu.

Shemeji alikuwepo. Safari hii hakucheka. Alisema mbele ya watu, "Rudisha viriba, au nirudishie kiwanja." Amenipa mpaka mvua zikatike.

Nimejaribu magazeti, yanalowa. Nimejaribu udongo na samadi, vinapasuka. Ni kitu gani kinachokaa muda wa kutosha halafu kikakubali kuondoka? Niambie wewe uliye mjini. Na uzungumze na kaka yako. Jibu upesi, wifi, nakuomba.

Wifi yako


11 Mei

Wifi,

Salamu. Hujajibu. Najua hujanitupa, labda ni kifua. Lakini siwezi kungoja tena.

Mvua zimekatika. Jana shemeji alileta viriba, mzigo mzima, akavuta kigoda akakaa aone nikianza. Nilijaza. Mikono inaijua kazi ile, ilikwenda yenyewe. Safu ya kwanza ilikwisha. Kwenye ya pili akapita jirani na yule ng'ombe wake aliyefiwa na ndama. Akanisalimu vizuri tu, akaniuliza habari za kazi. Afadhali angenitukana. Nikamimina udongo chini, nikavikunja vile viriba, nikamkabidhi shemeji mwenyewe. Nikamwambia, "Shemeji, siwezi. Chukua kiwanja." Alidhani natania. Alipoona nafungasha vyombo ndipo akainuka kigodani.

Natoka kesho na nguo zangu na jembe. Kwetu hakuna mtu tena, unajua. Nasikia huko mbele kuna shamba wanatafuta vibarua, nitaulizia njiani. Hapa usiandike, hakuna wa kupokea. Nikipata pa kukaa nitakuandikia. Nisipoandika, usimuulize shemeji, hatajua. Nisamehe kwa kukiacha kitalu cha marehemu.

Aliyekuwa jirani wa moyo wako,
wifi yako


12 Mei

Wifi yangu,

Salamu, na samahani kwanza. Nililazwa mlemle ninamofulia, wenzangu wakanitania kwamba sasa nachafua shuka nizifue mwenyewe. Nimetoka juzi. Naendelea vizuri.

Nimepata, wifi. Ni shuka kuukuu za wodini, za pamba tupu, zilizokuwa zinakwenda kuchomwa moto. Nilichomoa uzi nikauwasha: ukawa majivu, haukuyeyuka kama plastiki. Mama wa stoo kaniruhusu. Kabla sijalazwa nilishona mifuko midogo, nikapanda maharage. Nimerudi nimekuta imekaza vizuri, na mizizi inachungulia nje ya kitambaa. Wewe iweke juu ya mbao, mchwa wasiifikie. Nimekushonea mzigo, unakuja kwa basi pamoja na barua hii.

Kaka mkubwa nimemwandikia barua yake peke yake. Nimemwambia baba alituachia sote, na kiwanja hicho ndicho fungu langu, nami nimekupa wewe. Atanuna. Pengine hatutasemeshana tena mimi na yeye. Basi.

Wewe kazi yako ni moja, usitoke hapo. Akija na viriba, mwambie, "Wifi yangu anakuja." Nimeomba ruhusa kazini, Jumamosi nipo kwako tushone pamoja. Niwekee maji ya kuoga, safari ni ndefu. Usihangaike kuja kunipokea stendi, njia naijua. Nitabisha hodi, ufungue.

Wifi yako