Siku Harusi ya Kiingereza Ilipoingia Kilcorran

Nyumba ya Darajani,
Kilcorran, Clare,
Ayalandi.
27 Mei 2018

Mpendwa mdogo wangu Donal,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sisi tuliobaki kwenye mvua. Hujambo, na wifi yangu Leanne hajambo? Watoto je? Kidole chako kilichobanwa na lango la kondoo kimepona, au bado unawaonyesha watu baa ili wakununulie bia? Sisi huku ni wazima. Enda anakohoa, lakini mume wangu huyu amekohoa tangu nilipoolewa naye, kwa hiyo kwake hiyo ndiyo afya.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu Mama analala chumba cha pili, na ukuta wetu ni mwembamba. Kila nikishika simu, yeye anapunguza redio. Kalamu haina sauti.

Najua binamu yetu Dympna amekwisha kukupasha habari kwamba Mama amemkimbia Baba kwa ajili ya Waingereza. Ni kweli Mama amehama. Ni kweli pia Waingereza wametajwa. Mengine yote Dympna ameyapika mwenyewe, na chumvi ameizidisha kama kawaida yake. Usikate tiketi ya ndege kwanza. Kaa kitako nikueleze.

Unalijua Tamasha la Mwanakondoo na kamati yake. Mwaka huu Concepta Breen wa duka la dawa, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alikodi skrini kubwa ya kusimamisha uwanjani, ili watu wa nyuma nao waone mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo. Jambo zuri, kila mtu akapiga makofi. Ndipo Mama akanyoosha mkono. Mama yetu, Donal, aliyekaa kwenye kamati ile miaka yote bila kusema lolote ila idadi ya vikombe vya chai! Akasema kwamba, maadam skrini itakuwepo, na Jumamosi hiyo ni harusi ya mjukuu wa malkia kule Uingereza, kwa nini isionyeshwe saa sita mchana, wakati mbwa wanakula?

Baba akaruka kama aliyeng'atwa na nyuki.

"Mjukuu wa nani?"

"Wa malkia," Concepta akasema.

"Malkia wa nani?"

"Mzee Murt, unajua wazi ni wa nani."

"Wangu simjui! Marehemu baba yangu alilala milimani kwenye baridi, anawindwa na askari wao kama mbweha, ili leo watu wa Kilcorran wakae mbele ya jiwe lenye jina lake kutazama gauni?"

Jina la Babu kweli limo kwenye jiwe la mashujaa, na skrini ilipangwa isimame papo hapo kando yake. Ni kweli pia Babu alilala milimani, ingawa Bibi alikuwa akimpandishia nyama na viazi vya moto kila jioni, na inasemekana alishuka amenenepa. Lakini hayo hayasemwi mbele ya Baba.

Ugomvi ukawaka. Nusu ya kamati ilitaka kuona kofia za wale mabibi, nusu ilitaka kuikomboa nchi upya. Padri Lorcan, ambaye hapendi kugombana na yeyote anayeleta sadaka, akatoa mapendekezo. Sauti ipunguzwe. Kwenye tangazo lisiandikwe neno harusi wala neno malkia, iandikwe tu "Matangazo kutoka nchi jirani." Na kwa heshima ya mashujaa, jiwe lifunikwe turubai mpaka yaishe, ili wasione.

"Waingereza walishindwa kumfunga baba yangu kitambaa machoni," Baba akasema, "leo mnamfunga nyinyi!"

Hapo hata mimi nilikuwa upande wake. Angeketi hapo, angeshinda. Lakini unamjua Baba, akiona mlango uko wazi lazima aupige teke. Akamgeukia Mama mbele ya watu wote.

"Na wewe Nonie, harusi ya mtu usiyemjua inakuhusu nini? Si ulishaolewa? Harusi gani tena unaitafuta?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote taratibu, akatoka. Kamati ikapiga kura na harusi ikapita, nadhani kwa sababu ya namna alivyofunga vile vifungo. Asubuhi yake nilifungua mlango nikamkuta amesimama na sanduku na mto wake wa kulalia.

"Nimekuja kukaa," akasema. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, "Chai ipo?"

Wiki tatu, Donal. Baba alikuwa akipita kila jioni kuleta maziwa, anasimama mlangoni na kopo lake, Mama yuko pale pale mezani anamenya viazi.

"Assumpta, mwambie mama yako kuku wa kahawia amegoma kutaga."

"Assumpta, mwambie baba yako hata mimi ningegoma."

"Mwambie mama yako sioni soksi zangu."

"Mwambie baba yako ziko zilipokuwa kwa miaka hamsini."

Nami nikigeuka huku na huku kama mpumbavu, wakati kati yao hamna hata hatua tatu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini mimi jembe sina, nina nyumba ndogo na mume anayekohoa. Usiku nilikuwa nalia, nakwambia ukweli. Baba alikuwa anakonda. Alikuwa anaishi kwa mayai ya kuchemsha, na shati lake lilikuwa linanuka moshi. Nilimwomba aombe radhi, akasema hawezi kumwomba radhi malkia wa Uingereza. Nilimweleza Mama kwamba Baba ni mzee, akasema hata yeye si kifaranga. Nikaanza kuogopa kwamba mmoja wao atakufa kabla hajamwambia mwenziwe neno moja bila kupitia kwangu.

Wakati huo huo Baba alikuwa anaandaa vita. Yeye na Tadhg Scully mpiga ngoma walikusanya wazee kumi na kitu wenye hasira na nafasi. Mpango wao ulikuwa mzuri, huwezi kuudharau. Wangesimama chini ya skrini kimya, na bibi harusi atakaposhuka kwenye gari, saa sita kamili, wangepiga ngoma na kuimba nyimbo zote za mapambano wanazozijua, moja baada ya nyingine, mpaka maharusi wazeeke. Baba mwenyewe ndiye aliyepanga saa. Alirudia mara nyingi, "Saa sita kamili, si kabla, si baada."

Jumamosi ikafika, na jua nalo likatoka, jambo ambalo Tadhg alisema ni hila za Waingereza. Uwanja ulijaa. Mama alikaa kiti cha mbele kabisa, amevaa ile kofia yake ya buluu ya ubatizo wa mwanao. Jiwe la Babu lilikuwa limefunikwa turubai la kijani. Wazee wakajipanga na bendera zao, Tadhg akainua fimbo za ngoma. Kwenye skrini gari likasimama, mlango ukafunguliwa, mguu ukatoka. Baba akavuta pumzi.

Na kengele ya kanisa ikalia.

Saa sita mchana, Donal! Sala ya Malaika wa Bwana! Kengele ambayo wote tumeisikia kila siku ya maisha yetu, mpaka hakuna hata mmoja aliyeikumbuka. Ungeona zile kofia zilivyovuliwa vichwani kwa pamoja. Tadhg alijikuta ameshika fimbo juu, akazishusha polepole, akazificha nyuma ya mgongo. Na Baba, ambaye ameongoza sala hiyo mashambani tangu alipobalehe, hakuweza kujizuia. Sauti ikatoka yenyewe, nzito na nzuri, uwanja mzima ukaitikia, wapenda kofia na wakombozi wa nchi pamoja. Wameinamisha vichwa mbele ya skrini, na juu yao yule binti wa watu anapanda ngazi za kanisa na shela lake refu. Mgeni angeapa kwamba tunamwombea yeye.

Mpiga picha wa gazeti la wilaya naye aliona hivyo hivyo. Picha imetoka ukurasa wa kwanza: Murt Hanafin, mwana wa shujaa, kofia kifuani, kichwa chini, bibi harusi juu yake kama Bikira. Baba alinunua nakala zote dukani kwa Moloney azichome. Moloney akaagiza nyingine.

Sala ilipokwisha, Tadhg akanong'ona, "Murt, tuanze?"

"Tuanze nini?" Baba akasema. Maana nani ataanza kutukana watu akiwa ndiyo kwanza amefanya ishara ya msalaba?

Lakini hasira ilikuwa bado inamkaba, ikabidi itoke mahali. Akamwendea Mama pale kitini. "Umefurahi sasa?"

Mama akainua uso, na Donal, alikuwa analia. Hakusema "Assumpta, mwambie." Alimtazama yeye.

"Saa ngapi sasa hivi, Murt?"

"Saa sita. Hukusikia kengele?"

"Mimi ulinioa saa moja asubuhi. Kwenye altare ya pembeni, nimevaa koti la dada yangu. Saa tatu ulikuwa mnadani unauza ndama."

"Lakini ndama wale walikuwa..."

"Hata ndama si kitu. Hukuniuliza, Murt. Ulimuuliza baba yangu, mkapeana mikono hapo hapo mnadani, naye akaja kuniambia nikiwa nakamua ng'ombe. Padri aliniuliza. Wewe hukuniuliza hata siku moja. Halafu unasimama mbele ya watu unaniambia si nilishaolewa."

Concepta alisahau kupunguza sauti, kwa hiyo uwanja mzima tulimsikia askofu wa Kiingereza akimuuliza yule binti kama anakubali. Hakuna aliyetazama skrini. Wote tulikuwa tunamtazama Baba.

"Ungesema tu," Baba akasema.

"Ungeuliza tu," Mama akasema.

Baba akageuka akaenda zake. Njiani akasimama kwenye jiwe la Babu, nikadhani anataka kulivua turubai. Akalishika tu kidogo, akaendelea. Wazee wake walibaki wamesimama bila amri, mwishowe wakatafuta viti. Tadhg alitazama mpaka mwisho, na anasema keki ilikuwa ndogo kuliko alivyotegemea.

Nilimwonea huruma Baba siku ile kuliko siku yoyote. Jumatatu nilimpelekea mkate. Nyumbani hayupo. Nikasikia sauti zizini, nikachungulia. Baba yetu alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe mwekundu, amevua kofia.

"Nilikuwa nataka kusema," anamwambia ng'ombe, "kama huna shughuli nyingine..." Akatikisa kichwa. "Hapana, hapana. Kama utaona inafaa..." Ng'ombe akampa mgongo. Nikaacha mkate dirishani nikaondoka kimya kimya. Kuuliza si ujinga, husema watu, lakini mzee wa miaka sabini na nane asiyewahi kuuliza lazima aanzie mahali.

Jioni ya Jumatano akaja bila kopo la maziwa. Amenyoa, amejikata mahali pawili, amefunga tai ya mazishi. Nikainuka nitoke jikoni. Mama akasema, "Kaa. Umetumwa wiki tatu, leo sikiliza bure."

Baba akatazama sakafu, akatazama jiko, akamtazama yeye.

"Nonie. Utakubali nikuoe?"

Mama akaendelea kumenya kiazi chake mpaka ganda likaisha.

"Na nikikataa?"

Baba hakuwa amefanya mazoezi ya hilo. Ng'ombe hakumuuliza.

"Basi nitakuja kesho niulize tena."

"Haya," Mama akasema. "Njoo kesho."

Akaja kesho yake. Akaja Ijumaa, na shati safi. Jana akaja na maua aliyoyachuma ukingoni mwa barabara, mengine ni magugu lakini nia ilionekana. Kila jioni anauliza, kila jioni Mama anamwambia aje kesho, naye anavaa kofia anatembea kwenda nyumbani kwa mayai yake. Anapiga mluzi, Donal. Nimemsikia mpaka darajani.

Kwa hiyo usije mbio. Ila ukiweza kuja Agosti na watoto, njoo, maana mambo yakitengemaa Mama atataka watu wa kumtazama akipita, na wewe huna kisingizio cha ndama. Msalimie sana wifi yangu Leanne, na uwabusu Orla na Kit kwa niaba ya shangazi yao. Enda anakusalimu kwa kikohozi. Concepta naye anakusalimu, anasema dawa ya mgongo aliyokuagizia ifunguliwe kabla haijakwisha muda. Mungu akulinde na jua hilo na nyoka wa huko, akuweke mikononi mwake mpaka tuonane.

Na kuhusu Mama, usiwe na wasiwasi. Leo asubuhi nimeingia chumbani kwake nikakuta sanduku limefungwa, mto umefungwa juu yake kwa kamba, kila kitu kiko tayari mlangoni. Nikamuuliza kama nimpigie Baba simu aje kumchukua sasa hivi.

"Thubutu!" akasema. "Mwache aje jioni. Nataka kuulizwa mara moja zaidi."

Dada yako akupendaye daima,
Assumpta