Kuna Aliyegusa Msimbo Wako

Rafiki yangu Wandera,

Mahindi yameanza kuvuka mpaka tena. Tangu tukuzike, ofisi yetu ya hapa Busia imepoa mno. Hakuna wa kuniimbia ovyo kompyuta zikiwaka. Upweke huu, bwana, unanitia hasira.

Kuna kampuni ilitaka kununua ile programu yetu ya kupimia magunia. Sharti lao lilikuwa moja: msimbo ufungwe, asiuone mtu. Nikawaeleza kwamba sehemu ya kusoma mizani uliitoa kwenye programu huria, na leseni yake inasema ukiichanganya na kazi yako kisha ukampa mtu, umpe na msimbo wote, kwa masharti yale yale. Zingekuwa programu mbili zinazopeana faili tu, labda tungepona. Lakini wewe ulizisuka zikawa kitu kimoja. Mkubwa wao akacheka: "Si ufute tu hiyo leseni? Nani atajua?"

Nikakumbuka Tororo kwa shemeji zako, tumezunguka chungu cha malwa, ile pombe ya wimbi, mirija mirefu midomoni. Nilikuuliza maana ya leseni hiyo. Ukachomoa mrija, ukaonyesha chungu. "Ongeza wimbi yako, hakuna mtu anakataza. Lakini huwezi funika hii chungu na kwenda nayo kwa nyumba yako." Wakacheka wakidhani umelewa. Na kweli ulikuwa umelewa.

Ningeweza kuiandika upya sehemu ile, iwe yetu tupu. Nilipoifungua nianze, nikakutana na maneno yako katikati ya msimbo: "Hapa usiguse. Inafanya kazi, lakini hata mimi sijui kwa nini. Wandera." Vidole vikagoma. Nikawakatalia wale watu, ingawa niliwahitaji sana.

Programu nikawapa wakulima wa Bulumbi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na msimbo wake wote. Jana karani wao, mama nisiyewahi kumwona, aliurudisha ukiwa umerekebishwa. Chini ya maneno yako ameandika: "Nimegusa kidogo, ndugu Wandera. Umeme ikipotea ilikuwa inahesabu gunia mara mbili. Ukipita huku, nikuonyeshe."

Nimelia sana. Hakuna aliyemwambia.

Pumzika, rafiki yangu. Jumamosi navuka kwenda Bulumbi nimpe habari zako mwenyewe, kisha anionyeshe mimi. Na jina lako, maadamu nipo, halifuti mtu.

Wako,
Nafula