Daktari wa Eksirei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na Mama, na migomba imeinuka baada ya ule upepo. Mimi sina homa wala mafua. Hofu yangu ni kwenu, na safari hii zaidi kwa jirani yetu Mzee Rwezaura; habari yake nitaifikia huko mbele. Nimemwomba mdogo wangu Gaudiosus aichape barua hii mjini Kayanga aje nayo kwa bodaboda, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Baba, tumeshinda. Ile darubini iliyonikalisha Ulaya miaka sita iko angani, na Jumanne iliyopita iliona. Ni ndogo, haizidi debe la kahawa. Kazi yake ni kunasa mmweko wa nyota kubwa inapokufa: sekunde chache tu, ukichelewa hukuti kitu. Darubini kubwa huona mbali, ila hazijui zitazame wapi. Hii yetu hutazama eneo pana la mbingu kwa mara moja, kisha huzionyesha zile kubwa pa kutazama.

Mwanga inaounasa ni wa eksirei, nao hupenya kioo cha kawaida. Lazima uteleze kwenye kuta za vitundu vidogo mno vilivyotobolewa katika vigae vya kioo, kama jiwe bapa linavyoruka juu ya maji. Vigae hivyo nilivikagua mimi, kimoja kimoja, kama Mama alivyonifundisha kuchambua kahawa. Nilipovikataa vinne, mkuu wetu Fidele alilalamika kwamba nina roho ngumu na tutachelewa. Nilimjibu kwamba kwetu Mabira hatufungi gunia lenye punje mbovu. Jumanne doa liling'aa kwenye skrini mahali penyewe hasa, Fidele akanishika mkono. Nyota ile ilikufa kabla dunia haijaumbwa, na mwanga wake umefikia vigae vyangu. Nililia kwa furaha bila aibu.

Sasa nikiri. Nilipokwambia nimepata kazi ya eksirei, ulisimama kanisani ukatangaza kwamba binti yako ni daktari wa eksirei. Watu walipiga vigelegele. Mimi, kwenye benchi la pili, niliinamisha kichwa nikanyamaza. Tangu hapo kila nikija likizo wananiletea picha za vifua na magoti. Nawaambia waende hospitali, wanadhani nina dharau. Juzi Mama aliniambia Mzee Rwezaura anakohoa tangu Pasaka, picha aliyopigwa ameifunga kwenye khanga, na hataki kurudi hospitali kwa sababu ananisubiri mimi Desemba.

Baba, sijui kusoma kifua cha mtu. Mpeleke Mzee hospitali kesho, hata ikibidi umwambie kwamba nilikudanganya kwa kunyamaza. Nyota yangu ilikuwa imeshakufa nilipoiona; yeye bado yupo.

Nisamehe. Msalimie Mama, na shangazi Kokwijuka, na wote wanaoniulizia. Mzee akishapata dawa, simama tena kanisani utangaze upya kazi yangu ya kweli, na Gaudiosus anipigie simu nisikie. Safari hii sitainamisha kichwa.

Binti yako akupendaye,
Kokugonza